Chapa ya Ng'ombe Aliyeuzwa

Mfugaji yeyote wa Usukumani anajua maana ya chapa. Ng'ombe hutiwa alama kwa chuma cha moto, au hukatwa sikio kwa namna ya mwenye zizi, ili akipotelea porini kule Meatu, au akiibwa usiku, ajulikane ni wa nani. Alama ile ni neno la ukweli lililoandikwa juu ya ngozi. Lakini hebu nikuulize, ndugu msomaji. Nikikuuzia ng'ombe yule mnadani mbele ya mashahidi, ukanilipa na kuondoka naye, je, chapa yangu iliyobaki pajani pake inanipa haki ya kuja kwako mwaka ujao kukukataza usimkamue? Na akizaa ndama anayefanana naye kwa mabaka na pembe, naweza kumdai ndama huyo kwa sababu sura ile ilianzia zizini kwangu?

Najua utacheka. Mtu anayedai hivyo hapa Bariadi ataambiwa na wazee akapumzike kivulini, jua limemzidi. Hata hivyo swali hilo hilo, lililo jepesi kwa ng'ombe, limekuwa zito kwa motokaa. Makampuni yanayounda magari yamefika mahakamani kudai kwamba sura ya gari waliloliuza zamani bado ni mali yao, na wapenzi wa magari ya kale wamejikuta wakiulizwa kwa idhini ya nani wanaiga au hata wanapiga picha. Mimi swali hili sikuanza kulikuta vitabuni. Lilinijia gerejini, chini ya mwarobaini, likiwa na hasira ya watu ninaowafahamu na kuwapenda.

Ninayo Landrover ya zamani, ya kile kizazi tunachokiita "mia na tisa" kwa sababu ya inchi 109 zilizo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Niliinunua mnadani miaka ya tisini, wakati Bariadi ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu haukuzaliwa mpaka mwaka 2012. Biashara ya pamba, iliyokuwa mikononi mwa ushirika, ilikuwa imefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, na magari mengi yaliyozoea kubeba makarani na mizani ya pamba yalikuwa yamelala uani yakiota majani. Langu lilikuwa halina mlango mmoja, na kuku walikuwa wametaga chini ya kiti cha dereva.

Aliyelifufua ni fundi mmoja wa hapa mjini, mzee ambaye hakusoma chuo chochote. Sakafu aliikata kutoka katika bamba la alumini, akaipiga ribiti. Springi alizitengeneza kwa vyuma vya lori bovu. Mlango uliokosekana aliuunda upya kwa kutazama ule uliobaki, na leo hata mimi mwenyewe nasahau upi ni wa kiwandani na upi ni wake. Gari langu limekuwa kama jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu na bamba mara mbili, na bado tunaliita jembe la babu. Mbele limeandikwa jina la kampuni ya Uingereza. Jina la fundi halikuandikwa popote.

Mzee huyu alikuwa na sifa moja iliyompatia wateja kutoka Maswa, Itilima hadi Lamadi: keria yake ya juu ya gari. Keria nyingine hulemea paa mpaka likapasuka. Yeye alibuni namna ya kuushusha uzito kwa nguzo nne hadi kwenye chesisi, bila kutoboa bati hata tundu moja, na juu yake mtu aliweza kupanga marobota, mapipa ya maji, hata mbuzi. Kila keria aliyoimaliza aliigonga nyota ndogo kwa patasi. Ile ndiyo ilikuwa chapa yake.

Kisha kijana wake, aliyejifunza kwake kwa miaka sita, akaondoka. Akafungua gereji ng'ambo ya barabara, akaanza kuunda keria ile ile kwa bei nafuu. Mzee alikuja nyumbani kwangu jioni, akakataa hata kukaa.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu ameniibia."

Tuliitwa wazee watatu kusuluhisha. Kijana alikuja, akatoa shikamoo kwa kila mmoja wetu kwa adabu, akaketi chini. Tulipomuuliza, alijibu kwa sauti ya upole: "Wazee wangu, nimechukua nini cha baba? Keria yake ile pale, juu ya gari lake. Haikupungua hata msumari."

Sote tulinyamaza. Nilitambua kwamba jawabu lile halikuwa la mtu mjeuri. Anayeiba ng'ombe anaacha zizi tupu. Anayeiga keria anaacha keria mahali pake, na ya pili inazaliwa. Lakini nilipomtazama mzee, niliona uso wa mtu aliyeibiwa hasa. Tukaomba siku saba za kutafakari.

Katika siku zile nilisoma na kuuliza juu ya mambo ya magari na haki za waundaji. Niliyoyakuta yalinistaajabisha, maana ugomvi wa gereji zetu mbili niliukuta ukipiganwa na matajiri wakubwa wa dunia, tena juu ya gari lile lile lililosimama uani kwangu.

Landrover ya zamani, ambayo tangu mwaka 1990 kampuni iliipa jina la Defender, ilikoma kuundwa katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016. Kampuni nyingine, INEOS, ikaamua kuunda gari jipya lenye sura ya kukumbusha ile ya kale. Kampuni ya Jaguar Land Rover ikaomba sura ya Defender iandikishwe kama alama yake ya biashara, ili mwingine asiitumie. Ofisi inayosajili alama hizo Uingereza ilikataa mwaka 2019, na Mahakama Kuu mjini London ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2020. Hoja ilikuwa kwamba mambo yanayoitofautisha sura ile, ambayo mtaalamu huyaona makubwa, mnunuzi wa kawaida huenda hayatambui kama alama ya mtengenezaji mmoja. Gari la INEOS, liitwalo Grenadier, likaanza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 2022.

Nilipofika hapo nilitaka kujua: na hiyo Landrover yenyewe, sura yake ilitoka wapi? Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Mhandisi wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba huko Anglesey, na shambani humo alikuwa akitumia jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Aliona uzuri wake, akaona pia kasoro zake, akaamua kampuni yake iunde lililo bora zaidi. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jipu. Bodi ikawa ya alumini kwa sababu chuma wakati ule kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo.

Na jipu lenyewe? Kampuni ndogo ya Marekani, Bantam, ndiyo iliyolileta la kwanza mbele ya jeshi mwaka 1940. Jeshi likawapa michoro ile Willys na Ford, kwa kuwa Bantam haikuwa na uwezo wa kuunda magari mengi. Wajapani nao, Toyota, mwaka 1951 waliunda gari la namna hiyo wakaliita jipu. Jina likawa na mwenyewe, na mwaka 1954 wakalibadilisha kuwa Land Cruiser. Leo barabarani kwetu Land Cruiser imeishinda Landrover kwa wingi, na hakuna anayekumbuka kwamba wote ni wajukuu wa babu mmoja aliyekufa maskini.

Basi tuone jambo hili kwa makini. Kila mmoja katika ukoo huu alitazama kazi ya mwenzake, akajifunza, akaongeza. Na kila mmoja, alipokwisha kupanda juu ya mti, alitamani kuiondoa ngazi. Fundi wetu hakuwa tofauti. Mlango wa gari langu aliuiga kutoka Solihull bila kumwomba mtu ruhusa, na mimi nilimshukuru kwa hilo. Keria yake ilipoigwa, akaita wizi.

Lakini nisiharakishe kuwahukumu wenye viwanda, kwa maana lipo jambo lililonitokea ambalo hunizuia. Miaka mingi iliyopita nilinunua raba za breki katika duka la spea katika mji ambao sitautaja. Kiboksi kilikuwa na nembo halisi, rangi halisi, hata maandishi madogo ya pembeni. Nililipa bei ya jenyuini. Wiki tatu baadaye, nikitoka Lamadi nikiwa na binti yangu, tulikuta kundi la ng'ombe likivuka mbele ya karavati. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga uji. Niliokolewa na gia, na mtaro, na Mungu. Fundi alipozifungua zile raba zilikuwa zimevimba na kulainika kama ubugali ulioloweshwa. Zilikuwa feki.

Tangu siku ile siwezi kumcheka mtu anayelinda jina lake. Nchi yetu inayo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kuwasaka wauza bidhaa bandia. Iko pia sheria ya mwaka 1986 ya alama za biashara na huduma, ambazo husajiliwa na BRELA. Wapo wanaodhani sheria hizi ni za kuwanufaisha wazungu na matajiri. Mimi nasema zilitungwa kwa ajili ya binti yangu aliyekuwa amekaa kiti cha mbele. Aliyeweka nembo ile juu ya raba mbovu hakuiba sura ya kitu. Alisema uongo, na uongo wake ulikaribia kuua.

Hapo ndipo, ndugu msomaji, niliona mambo mawili ambayo tumezoea kuyafunga katika furushi moja. Jambo la kwanza ni jina. Jambo la pili ni umbo. Jina ni ahadi: linasema nani ameunda na nani atajibu kikiharibika. Anayelitumia jina la mwenzake anaahidi kwa kinywa kisicho chake. Umbo ni maarifa, na maarifa yakishaonekana hayarudi ndani ya kichwa cha mwenyewe. Sheria nyingi zinampa mbunifu muda wa kufaidi umbo lake kabla halijawa la wote, nami naona ni haki, kwani bila tumaini la mavuno nani atalima? Lakini muda una mwisho. Kampuni inayotaka sura ya gari iwe alama ya biashara inaomba kitu kingine, maana alama ya biashara huweza kuhuishwa tena na tena bila kikomo. Inaomba shamba la jirani lisipandwe kamwe.

Sisemi kwamba mahakama zote zimeona hivyo. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, ilikubali kwamba Ferrari 250 GTO, gari la mbio la miaka ya 1962 hadi 1964 ambalo yaliundwa 36 tu, ni kazi ya sanaa, na kwa hiyo haifai kuigwa na wengine. Mtu aweza kuielewa hukumu hiyo. Gari lile halikubeba pamba. Lilitengenezwa kama mtu anavyochonga kinyago, na waliolichonga walikuwa wachache. Lakini hata sanaa huulizwa: je, anayeiga anasema kazi ni yake, au anasema ni mfano wa kazi ya bwana fulani? Na je, kinachoumizwa ni heshima ya mchongaji, au ni bei ya vile vinyago vilivyomo maghalani mwa matajiri?

Kuna kisa kingine, kidogo, lakini kwangu kinafundisha zaidi. Mwaka 2008 huko Marekani, chama cha wapenzi wa Ford Mustang nyeusi kilitaka kuchapa kalenda. Wanachama walipiga picha magari yao wenyewe, waliyoyanunua kwa fedha zao na kuyasugua kwa mikono yao. Mchapaji akakataa, akisema Ford imepinga. Watu walipokasirika, Ford ikatoa tamko kwamba haina shida na wenye magari kutumia picha za magari yao, bali inalinda nembo zake. Jambo likaisha. Lakini fikiri lile wazo lililowaingia watu kwa siku chache: kwamba umelipia gari, umelitunza miaka mingi, na bado ukilitazama kwa kamera unatazama mali ya mtu mwingine. Huyo ni muuzaji anayekuja zizini kukataza usikamue.

Nao wapenzi wa magari ya kale ni nani hasa? Hao ndio waliolifanya jina liendelee kung'aa baada ya kiwanda kuacha. Oktoba 2024 Landrover zilimiminika Arusha mamia kwa mamia kwa tamasha, nyingi zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Nani aliziweka hai? Solihull iliziunda, hilo halina ubishi. Lakini zilizofika Arusha zilifikishwa na wachomeleaji wa mitaani, na wapiga ribiti, na vijana waliolala chini ya injini wakila vumbi. Sifa ya kwamba gari hili halifi, ambayo kampuni huiuza kwa bei kubwa, nusu yake ni jasho la watu ambao haiwajui. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha kanuni mpya za maumbo ya bidhaa, zinazotambua kwamba kipuri kinachorudisha sura ya kitu kilichovunjika kisizuiwe kwa kisingizio cha umbo. Naona wazee wa huko pia wamekaa chini ya mti wao wakaafikiana: mwenye kitu aachwe akitengeneze.

Siku ya saba tulikutana tena. Kabla ya kusema lolote nilivuka barabara, nikaenda kutazama keria za kijana. Zilikuwa safi. Nikainama, nikapapasa nguzo ya nyuma, na hapo vidole vyangu vikakuta kitu. Nyota ndogo, imegongwa kwa patasi.

Nilirudi nikamuuliza mbele ya wote: "Hii nyota ni ya nani?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Ya baba."

"Uliigonga kwa nini?"

"Wateja wanaiulizia, Mwalimu."

Kesi ikawa imeisha, kwa kuwa ameitamka mwenyewe. Tulimwambia: keria unda, hatuwezi kuzuia mikono yako isijue inachokijua. Lakini nyota si yako. Zifute zote, uweke alama yako, ili keria ikianguka na kumuumiza mtu tujue twende mlango upi. Na anayekuuliza ulijifunza wapi, taja jina la mwalimu wako bila kuficha. Kisha alete mbuzi, tule pamoja.

Mzee alifurahi. Nikaona sasa ni zamu ya jambo gumu. Ukutani mwa gereji yake zilining'inia herufi za chuma za jina la Landrover, alizozing'oa kwenye magari mabovu, na sote tulijua huzibandika kwenye bodi alizoziunda mwenyewe kuanzia mwanzo. Nikamwambia, "Na zile, mzee wangu?"

Hakunijibu siku ile. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. Wiki mbili baadaye nilipita, nikaona ukuta mtupu, misumari peke yake.

Ningependa kukuambia kwamba wote walistawi. Sivyo. Kijana anauza kwa bei nafuu, na msimu ule mzee alipata kazi chache kuliko zamani. Hukumu yetu ilirudisha ukweli, haikurudisha wateja. Miaka sita ya kufundisha hakuna aliyemlipa, na sijui sheria inayoweza kuipima. Pengine hapo ndipo haki inapoishia na shukrani inapaswa kuanza. Na shukrani hailazimishwi na hakimu.

Mimi nilifanya lile nililoliweza. Nilipeleka Landrover yangu kwake, nikamwomba achukue patasi. Mbele limebaki jina la Solihull, kwa kuwa huko ndiko lilikozaliwa. Nyuma, pembeni ya mlango ule ambao siwezi tena kuutofautisha, iko nyota ndogo.